Egesha Hapa

Leo nimejiaibisha mbele ya jeneza. Nawaeleza mwenyewe kabla picha haijawafikia.

Wengi wenu mnajua nilikosomea shule ya msingi, Endamarariek huko, na mnamjua Mwalimu Gwandu. Amefariki Jumanne. Ambao hamumjui, niwaambie kitu kimoja tu. Nilipofaulu kwenda sekondari, baba alitaka nikae kwanza nyumbani mwaka mmoja niwalee watoto wa kaka. Mwalimu alikuja kwetu jioni tatu mfululizo. Kila jioni mama alimletea chai, na kila jioni akasema hanywi mpaka ajibiwe. Jioni ya tatu baba alichoka kuiangalia ile chai inapoa. Nikaenda shule.

Nilipoanza kazi ya urubani alinipigia simu, akasema anataka kuniona nikiwa nimevaa. Si picha. Nije, nimevaa, anione. Nikasema nitakuja. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Kila likizo nilikuwa na sababu, na mara mbili nilizofika nilikuja nimevaa kitenge (sare ilikuwa kwa dobi, nilimwambia, na ilikuwa kweli mara moja).

Sasa leo asubuhi tumetua uwanja wa Manyara saa tatu kasoro, tukashusha wageni wanaokwenda Ngorongoro. Wa kuwarudisha Arusha wangefika saa kumi. Nikamwomba kepteni ruhusa ya kwenda kuzika. Kepteni wangu ni mtu wa makamo, mpole, lakini kwenye suala la sare ana roho ya mkaguzi. Tai ikipinda anaiona akiwa upande wa pili wa ndege. Akanikubalia, ila akasema neno moja.

"Sare ni ya kazini. Ukitoka hapa vua vyeo begani, vua tai, vaa sweta. Ukinywa hata soda mahali, watu watasema rubani yuko baa."

Nikamwambia sawa kepteni. Nikavua. Nikavaa sweta. Nilikuwa mtiifu kabisa mpaka Karatu mjini.

Pale Karatu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nikavua sweta na kurudisha kila kitu. Tai. Vyeo, mistari miwili ya dhahabu kila bega. Nikajitazama kwenye simu. Ningeweza kuwadanganya kwamba ilikuwa kwa ajili ya Mwalimu peke yake. Ilikuwa kwa ajili yake, kweli. Ila pia nilitaka kijiji kinione. Nilitaka wale waliokuwa wakiniita Miguu ya Korongo wanione nikishuka (nikishuka kwenye bodaboda, lakini nikishuka).

Nimefika msibani saa tano na nusu. Watu ni wengi mno. Mwanae mkubwa ana cheo kikubwa Arusha, kwa hiyo magari yalikuwa yamejaa mpaka kwenye shamba la maharage la jirani. Getini alisimama Bwana Akonaay, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, daftari mkononi, jasho usoni. Akaniangalia mabegani, halafu akaangalia saa.

"Dada, umechelewa. Kampuni yenu tuliwaambia saa mbili."

Nikashangaa anaijuaje kampuni yetu. Nikasema samahani mzee, nimetoka Manyara sasa hivi. Akasema hata kama. Kisha akachukua kizibao cha riflekta, cha njano, kilichokuwa kimening'inia kwenye mti wa geti, akanivika. Mimi nimesimama tu, mikono nimeinua kama mtoto anayevalishwa. Alipomaliza akanionyesha barabara na kusema yale magari yanakanyaga maharage ya watu, nifanye kazi yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wamekodi walinzi. Shati jeupe, tai nyeusi, suruali nyeusi, mistari begani. Kwa mtu mwenye haraka, mlinzi na rubani ni mtu mmoja.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilifungua mdomo. Lakini ndani ya turubai padri alikuwa ameanza sala, watu wote wameinamisha vichwa, na mimi nianze kubisha getini kwamba jamani mimi ni rubani? Msibani? Sentensi yenyewe niliiona mbaya kabla haijatoka. Na wakati nafikiri, Land Cruiser moja ikakata kona kuelekea kwenye maharage, na mikono yangu ikaamua yenyewe.

Nikaipa ishara za uwanjani. Ndizo pekee ninazozijua. Mikono miwili juu, njoo, njoo, kushoto kidogo, halafu mikono ikapishana juu ya kichwa: simama. Dereva akasimama pale pale. Likaja jingine, nikaliweka pembeni yake. Ndani ya nusu saa nimepanga magari kumi na moja kwa mstari ulionyooka, na Bwana Akonaay akapita akanipa dole gumba. Nikiri kwamba nilijisikia vizuri (hapo ndipo ujue mtu amepotea).

Wanafunzi wenzangu watatu wa zamani wamepita mbele yangu. Hakuna aliyenitambua. Mmoja ameniachia funguo.

Kisha mlinzi mwenyewe akafika, anahema, bereti mkononi. Pikipiki ilimharibikia njiani. Aliponiona, akaitazama ile mistari miwili begani, akaweka bereti kichwani haraka na kunipigia saluti. Yeye begani hakuwa na kitu.

"Afande, samahani, sitarudia."

Nilitaka kumweleza. Lakini alikuwa na hofu usoni, hofu ya kufukuzwa kazi, na sikujua nianzie wapi. Nikamwambia endelea na kazi, maharage yasikanyagwe. Akaitika kwa sauti ya jeshi.

Wakati huohuo nikasikia kipaza sauti. Msoma ratiba alikuwa akisema marehemu aliacha maagizo: azungumze mwanafunzi wake mmoja, rubani, Emiliana. Kama amefika, apite mbele. Akarudia. Bwana Akonaay akajibu kutoka getini, kwa sauti ya kusikitika, kwamba rubani hajafika.

Nikatoka mbio. Nimepita katikati ya viti, watu mia kadhaa wananitazama, nikafika kwenye jeneza na kuinama. Niliinama sana, mpaka paji la uso likagusa mbao. Nilitaka nimwombe msamaha kwa ile miaka miwili. Nilikuwa nimeanza kuomba.

Nyuma yangu nikasikia sauti. Mwanzoni nilidhani ni kilio. Ilianzia safu ya mbele, ikaenda nyuma, na haikuwa kilio. Ilikuwa ni watu wazima wanaojizuia. Mtu akakohoa kwa nguvu. Mama mmoja akajifunika kanga usoni na mabega yake yakatikisika. Hata padri aligeukia pembeni akapekua kitabu chake, na kitabu kilikuwa juu chini.

Mimi bado nimeinama. Sijui lolote.

Mama Mwalimu, mjane wake, ndiye aliyeinuka. Akaja taratibu, akanishika bega, na mwenyewe akanivua kile kizibao. Akakigeuza nikione mgongoni. Kimeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi, EGESHA HAPA, na chini yake mshale mnene unaoelekea juu. Nilipoinama, mshale ulikuwa umemwelekea Mwalimu.

Nilitamani nilale mle ndani badala yake.

Nikaanza kulia, na kulia kwangu kukawa kwa sauti, na watu wakanyamaza kweli. Mama Mwalimu akakikunja kizibao kama anavyokunja shuka, akakiweka kwenye kiti. Akagusa vyeo vyangu kwa kidole, bega moja, kisha la pili. Akaniambia polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na wote walisikia.

"Tangu Jumanne sijacheka, mwanangu. Mimi nilijua nimemaliza."

Hotuba niliyoiandika kwenye ndege imebaki mfukoni. Niligeukia jeneza nikasema nimekuja, Mwalimu, na nimevaa. Sikupata neno jingine, nikaenda kukaa na wanawake wa familia walionisogezea mkeka. Tulizika saa nane.

Bwana Akonaay alinifuata makaburini kuniomba radhi. Alisema hakudhani rubani anaweza kufika kwa bodaboda. Nikamwambia hata mimi huwa sidhani.

Nilirudi uwanjani saa tisa na nusu, vumbi jekundu mpaka magotini, na nilikuwa nimeshapanga cha kumwambia kepteni. Haikuhitajika. Madereva wa utalii wa Karatu wana kundi lao la simu, na mmoja wao alikuwa amenipiga picha kwa pembeni, nimeinama kwenye jeneza, mshale mgongoni; ilifika Manyara kabla yangu. Kepteni aliikuza kwa vidole viwili, mimi nimesimama mbele yake kama mshtakiwa. Mwishowe akasema, "Tai imenyooka." Akaenda kukagua matairi ya ndege.

Basi ndiyo hivyo. Picha ikiwafikia, ni mimi. Mkishindwa kujizuia, chekeni kwa sauti ya chini. Matanga ni mpaka Jumapili.