Redio Isiyofunguka

Jumatatu, 1 Machi 2004
Mimi Mwololo, mhandisi wa usanifu, nimebakisha siku nne niwe mkubwa wa idara! Mkurugenzi wetu, Bwana Githongo, ametangaza leo. Kati ya redio niliyosanifu mimi na ile ya mwenzangu Bi. Wayua, itakayompendeza mteja ndiyo itakayoundwa, na aliyeisanifu ataongoza idara. Atakayeshindwa ataenda kufunga makatoni. Pole, Wayua.

Yangu ni ya ajabu. Mlango wa betri una skrubu ya pembe tano, na bisibisi yake ni moja tu duniani. Iko mfukoni mwangu. Hakuna tena mke wa mtu kuhamisha betri za redio kwenye tochi. (Nzisa mke wangu, nakuona.) Ya Wayua inafunguliwa kwa kidole. Aibu tupu!

Jumanne, 2 Machi
Nilijitolea kupeleka redio zote mbili Kimana kwa Mzee Sankale, mkulima wa vitunguu aliyechaguliwa kuzijaribu. Wayua akanishukuru sana. Maskini.

Njiani nikafanya marekebisho madogo. Yangu, betri mpya. Ya Wayua, betri za tochi yangu ya nyumbani, ambazo nimezianika juu ya paa wiki mbili, na kuzing'ata zilipogoma kabisa. Zilikuwa na pumzi ya salamu tu. Mzee alisikia redio zote mbili zikiongea, akafurahi. Nikaondoka haraka.

Jumatano, 3 Machi
Nimekalia kiti cha mkubwa wa idara kuona kama kinanifaa. Kinanifaa! Nikatabasamu kwenye kioo cha dirisha. Mwanya wangu ni wa kiongozi, mama alisema tangu zamani.

Wayua aliuliza kama redio yake ilifika salama. Nikamwambia ilifika ikiimba. Si uongo.

Alhamisi, 4 Machi
Mzee amepiga simu. Anauliza mtu hufunguaje ile redio nyeusi, yaani yangu. Nikamwambia haifunguki, ndiyo uzuri wake. Akauliza kama kampuni itakasirika akitumia panga. Nilicheka sana. Wazee wa Kimana wana utani!

Ijumaa, 5 Machi
Hakuwa akitania.

Amefika kwa mkurugenzi na redio ya Wayua ikiimba kwa nguvu. Akaeleza kwamba huiacha redio shambani mchana kutwa ifukuze nyani. Betri zikichoka huzianika, kama watu wote. Za Wayua zilikufa Jumanne ile ile. Akazianika, zikaamka. Zangu zilipochoka, mlango ukakataa, akashika panga. Sasa redio ya Wayua inatumia betri zote kwa zamu. Yangu anawekea mbegu za vitunguu. Akaisifu kwamba ni ngumu.

Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kwa nini redio ya yule mama ilikuja na betri zilizong'atwa. Akaziweka mezani. Alama za meno, na nafasi katikati. Bwana Githongo akaniomba nitabasamu. Nikakataa.

Wayua ndiye mkubwa wa idara. Imeniuma, sitaficha. Nyumbani Nzisa naye anauliza betri za tochi ziko wapi.

Jumatatu, 8 Machi
Idara ya makatoni. Nilihuzunika hadi saa nne, kisha nikagundua jambo. Makatoni haya yanafunguliwa kwa mkono mtupu! Na mtu yeyote! Nimeanza kuchora kufuli. Ufunguo utakuwa mmoja tu, na nitakaa nao mimi.