Pointi Moja ya Divine

Siku ya kwanza, 9 mwezi wa sita 2025

Divine, siku utasoma hii: weye uko mutoto wa namna gani? Noeli haukukuja. Pasaka haukukuja. Jana Pentekoste, sahani yako ilikaa kwa meza mupaka inzi wakaichoka.

Eti huko Kisangani wamekupa zoezi ya ordinatere, ile kompyuta yao. Sikuingia masomo, ata kuandika nilifunzwa na mamama wa parokia. Lakini nikasema: nielezee, nikusaidie, umalize, ukuje. Ukacheka. Ukaeleza. Kuna mwalimu mukubwa, ameandika vitabu. Kila kitabu, wenzake wamekitaja mara ngapi? Unapanga hesabu, kubwa mbele. Akipata vitabu tatu, kila kimoja kimetajwa mara tatu ao zaidi, pointi yake ni tatu. Ine inaomba vitabu ine, kila kimoja mara ine.

Nikakata telefone, nikajipima. Vitabu vyangu ni ninyi wajukuu, wenye munaniita Koko. Kunitaja ni kunipigia, tangu Pasaka. Élisée wa Mahagi-Port, saba. Adeline, mbili. Marcellin, moja. Weye, moja. Pointi: mbili.

Régine wa hapa jirani naye amejipima. Tatu. Anatembea kama mke wa gavana.

Siku ya tatu, 11

Nimeamuru Élisée apige bila kuchoka. Amepiga akivuta nyavu, akipara samaki, mwisho akilia krediti yake. Sasa makumi mbili! Régine akapanga maharagwe chini: ingali mbili. Akasema mutoto mumoja hajazi harusi. Mwanamuke mubaya. Na iko na haki.

Siku ya ine, 12

Mupango mupya. Élisée asambaze habari kama niko mugonjwa sana. Adeline amepiga mara tatu ingine, analia: tano. Marcellin naye tatu ingine: ine. Pointi: tatu. Nimemufikia Régine! Nimeimba jikoni, mugonjwa mimi.

Inabaki weye tu. Telefone nimeiweka kwa mapaja siku nzima. Kimya. Supu imepoa, furaha nayo.

Siku ya posho (samedi), 14

Umefika. Kwa moto, pikipiki ya kukodi, vumbi mupaka kwa kope. Haukupiga, umesema, uliogopa mutu mwingine ajibu telefone yangu. Ukanikuta ninakaanga samaki, ninacheka na Régine.

Haukupiga kelele. Ukasema tu: "Koko, zoezi ilikuwa ya kuonyesha jana."

Nikakosa pa kuweka kijiko. Ukakataa kula. Kisha ukalala kwa mukeka yangu, muguu wako juu ya wangu. Sikujigeuza.

Siku ya Mungu, 15

Umerudi Kisangani. Mwalimu amekupa siku ingine. Nimeapa mbele yako: sitadanganya ugonjwa tena. Kweli. Safari ijayo nitasema nyumba imeanguka.

Nimehesabu. Umekuja, lakini haukupiga. Ungali na moja. Basi sikia: ukikuja tena, kabla ya kupanda moto, nipigie mara tatu: utafika ine, na pointi yangu ine. Ongea polepole, nikusikie vizuri. Régine atakuwa pembeni, anahesabu.