Beseni Moja kwa Waumini Themanini

Jumatatu, 12 Januari
Kipindupindu kimefika Mununga. Mchungaji Zéphyrin ametangaza kwamba Jumapili atamteua mkuu wa kamati ya afya ya kanisa, atakayekwenda mafunzoni Mansa. Ninayo shahada ya utawala kutoka Lubumbashi. Hakuna mwingine mwenye shahada hapa. Nimeshangaa hakuniteua papo hapo.

Mpinzani wangu ni Mama Pierrette, muuza samaki wa Kashikishi. Mpango wake: bidoni, yale madumu ya maji, zitobolewe tundu la kunawia na kuwekwa mlangoni, sabuni iliyofungwa kwa kamba, klorini katika maji ya kunywa, choo kifunikwe. Hauna hata utangulizi.

Jumatano, 14 Januari
Mpango wangu umekamilika. Kurasa kumi na tisa. Sura ya nne inafuta ule mstari wa salamu, ambapo kila anayetoka kanisani humshika mkono kila aliyetangulia kutoka. Nilimsomea shemasi, Mzee Patson. Alisinzia katika sura ya pili. Alipoamka aliuliza maji yako ukurasa gani. Nilimwelekeza kwenye kiambatisho.

Mama Pierrette alikuwa akipita na samaki wake. Akasema, "Mutoto yangu, ugonjwa haitangoja umalize kusoma." Mutoto! Mbele ya shemasi.

Jumapili, 18 Januari
Siku ya aibu.

Niliandaa Ibada ya Kunawa. Niliazima kwa jirani zangu, akina Luse, beseni lao lenye maua, lile la harusi. Nikawapanga waumini kwa heshima, kama tunavyonawa kabla ya kula: Mchungaji kwanza, kisha wazee, kwaya, akina mama, vijana. Nilimwalika Thelma, muuguzi wa zahanati, awe shahidi.

Kwaya ilipomaliza, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilihimiza foleni iendelee. Mama Pierrette alikuja kutoka nyuma, akachungulia beseni, akauliza kwa sauti ya sokoni: mutu wa themanini atanawa mikono yake ao ya Pasta? Kanisa zima lilicheka. Mzee Patson, ambaye hacheki, alicheka. Thelma alibeba beseni, akamwaga maji nje, akaagiza wote wanawe upya kwa bidoni na sabuni za Mama Pierrette.

Mama Pierrette akateuliwa. Nilitangulia kumpongeza kwa mkono. Alinipa kiwiko. Akanikumbusha sura ya nne.

Jumanne, 20 Januari
Chomba, mpiga ngoma wa kwaya, amepelekwa zahanati akiharisha. Chomba alinawa wa ishirini na tatu. Sikula mchana kutwa. Nilikaa nje ya zahanati nikisali, bila utangulizi wowote.

Jioni Thelma alitoka, akasema vipimo vimeonyesha si kipindupindu. Chomba amekiri kula maembe mabichi tisa. Nililia mbele ya watu. Mama Pierrette alinipa bidoni mbili, akasema machozi haijazi kitu, niende pampuni kuchota maji.

Alhamisi, 22 Januari
Ninajaza bidoni asubuhi na jioni. Nimenyenyekea. Nimeelewa kosa langu kikamilifu: beseni lilikuwa dogo mno.

Mama Pierrette anataka Jumapili kila familia ifundishwe kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha. Hana ratiba. Nimemwandalia, kurasa sita tu. Waumini wote wataonja, kwa mpangilio wa heshima. Nimekwisha kuazima kikombe kwa akina Luse. Ni kimoja, lakini kikubwa, na kina mishikio miwili.

Tutaanza na Mchungaji.