Maharage ya Ufadhili

Tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni mwa ofisi, pale Kibondo mjini, kwa siku tisa. Watu walikuwa wakilisoma, wanatikisa kichwa, wanakwenda zao. Gharibu alilisoma mara moja tu, akaona magunia.

Lilisema kwamba chuo kipya cha waganga wasaidizi na wakunga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, kinataka vijana waliomaliza darasa la saba. Masomo ni bure. Asiyejiweza kwa nauli, godoro na sare ajaze fomu ya kuomba msaada. Fomu nazo ni bure. Zifike chuoni kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Mbona fomu zimejaa vumbi?" Gharibu akamwuliza karani.

"Wanasema Serikali haitoi kitu bure. Wanaogopa watapelekwa kulima pamba." Karani akapiga mwayo. "Chukua, ndugu, ukawagawie huko vijijini. Utakuwa umelisaidia taifa."

Gharibu alilisaidia taifa kwa kuchukua fomu zote.

Huyu Gharibu alikuwa mtu wa Kasulu, mweupe wa meno na mlaini wa ulimi. Alikuwa na suti moja ya kaunda, viatu vilivyong'aa kwa mbele tu, na kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Alikwisha kuwa wakala wa cherehani zisizokuwepo, na mchumba wa wasichana wawili wa kijiji cha Muyama ambao baba zao bado wanamtafuta. Safari hii aliamua kuwa Bwana Ufadhili. Akanunua kipimajoto kilichovunjika, akakiweka pamoja na kalamu, akapanda lori kwenda kijiji cha Nyakabimba, wilaya hiyo hiyo ya Kibondo.

Ilikuwa mwaka 1975. Watu wa Nyakabimba walikuwa wamehamia kijiji kipya mwaka uliotangulia, na maharage yao ya kwanza yalikuwa yamekubali vizuri mno. Gharibu alikuwa amelichunguza jambo hilo kabla hata ya kupiga pasi suti.

"Ndugu wananchi," akasema kwenye mkutano, "masomo ni bure. Asiwadanganye mtu. Lakini ufadhili! Ufadhili una mchango wa kuonyesha nia. Chuo kitajuaje kwamba mzazi ana nia, kama hakuna kilichotoka ghalani?"

Watu wakaguna kwa ridhaa. Sasa jambo lilikuwa linaeleweka. Kitu cha bure kilikuwa kimewatia wasiwasi, lakini kitu cha kutozwa walikuwa wamekizoea.

Akaweka meza chini ya upenu wa ghala la kijiji, akaanza kujaza fomu. Sehemu ya pili ya fomu iliuliza hali ya familia: mashamba, mifugo, kipato. Mwenye akili angejua kwamba anayeomba msaada hapaswi kujitapa hapo. Lakini nani, mbele ya majirani zake wote, tena majirani wapya, atatamka kwa sauti kwamba hana kitu?

"Ng'ombe wangapi, mzee?" Gharibu akamwuliza Stanislaus, ambaye kila mtu alijua ana mbuzi mmoja, tena anachechemea.

Stanislaus akatazama nyuma. Shemeji yake alikuwa kwenye foleni.

"Andika kumi na wawili."

"Hongera. Mwenye ng'ombe kumi na wawili anaonyesha nia kwa magunia mawili."

Stanislaus akaenda kuyabeba. Shemeji yake naye, kwa kutotaka kushindwa, akataja ng'ombe kumi na watano. Ikawa mnada. Kufika jioni ya siku ya tatu, Nyakabimba ilikuwa na ng'ombe wengi kwenye karatasi kuliko wilaya nzima, na Gharibu alikuwa na magunia ishirini na sita ya maharage, madebe manne ya asali na kuku wasiohesabika kwa sababu hawakutulia.

Mtu mmoja tu hakujitapa. Alikuwa Kezia, katibu wa kijiji, mjane mwembamba mwenye sauti ya filimbi ya mwalimu. Alikuja na binti yake Immakulata na kuku mmoja chini ya kwapa.

"Ng'ombe?"

"Sina."

"Mbuzi?"

"Andika sina, usinipotezee muda. Nina jembe, chungu na huyu mtoto. Anataka kuwa mkunga tangu nilipomzaa mdogo wake peke yangu njiani, yeye akishika taa. Akikosa chuo mwaka huu, baba zake wadogo watamwoza. Wameshakunywa pombe ya posa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi fomu hii ifike."

"Itafika, mama! Naibeba kifuani."

Kezia aliishika ile fomu, akaigeuza, akaipima kwa kiganja. Ilikuwa fupi kuliko karatasi ya kawaida. Ukingo wa chini ulikuwa umekatwa kwa wembe, hapo palipokuwa na mstari wa kusema kwamba fomu haiuzwi. Gharibu akakohoa. Kezia akamkabidhi kuku.

"Ana kifaduro," akasema, "lakini anataga."

Sasa likabaki jambo moja. Maharage hayakuruhusiwa kuvuka mpaka wa wilaya bila kibali, na darajani Malagarasi palikuwa na kizuizi cha mgambo wasiojua mzaha. Kule Kasulu mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kuyanunua bila kuuliza maswali. Lori alikuwa amelipata, la Bazilio, kwa ahadi ya gunia moja. Kibali alikuwa nacho Kezia.

Gharibu alijiandaa kumbembeleza nusu siku. Haikuhitajika.

"Unaondoka lini?" Kezia akauliza.

"Ijumaa, mama. Fomu zisichelewe."

"Hapo umesema. Niachie fomu leo nizipange kwa majina, nizipige muhuri wa kijiji. Nawe tia saini hapa, kwenye orodha ya magunia na wenyewe; kibali hakitoki bila hiyo. Kesho utazikuta na kibali."

Ijumaa asubuhi akampa bahasha mbili za kaki, moja nene na moja nyembamba, zote zimefungwa kwa gundi na kupigwa muhuri juu ya kifuniko.

"Nene ni fomu. Nyembamba ni kibali. Ukiifungua njiani, mgambo watasema ni magendo na mzigo wote utabaki darajani. Wewe si mgeni wa mambo ya ofisi."

"Mimi? Mama, nimezaliwa ofisini."

"Inaonekana," Kezia akasema.

Kijiji kizima kilimsindikiza kwa vigelegele. Gharibu alipunga mkono mpaka kona, kisha akacheka mpaka kuku wakashtuka.

"Bazilio, unajua nini kitamu kuliko asali?"

"Gunia langu."

"Mwenye kuibiwa akikupigia vigelegele."

Lori liliharibika mara mbili, wakalala njiani, wakafika darajani Jumamosi asubuhi. Gharibu alikuwa amepanga kuitosa bahasha nene mtoni hapo hapo. Alikuwa ameshaitoa nje ya dirisha wakati mgambo aitwaye Dadi alipoikamata.

"Ahsante kwa kuniletea. Na kibali kiko wapi?"

Dadi akafungua kibali. Alikuwa mhitimu mpya wa kisomo cha watu wazima, akasoma kwa kidole, neno moja moja, midomo ikitikisika. Mwishowe Dadi akasimama wima, akapiga saluti, akaruka juu ya magunia na bunduki yake.

"Twende! Saa sita isitukute."

"Twende wapi, afande?"

"Chuoni. Imeandikwa nikusindikize mpaka mlangoni, nisikuache ukashuka hata kukojoa. Mzigo wa wananchi huu!"

Wakalipita duka la yule mfanyabiashara wa Kasulu kwa kasi. Alikuwa amesimama nje na mizani yake.

Mkuu wa chuo, Bi Mwamvua, mwanamke mnene wa pwani mwenye miwani, aliipokea bahasha nene saa tano na nusu. Kisha akasoma kwa sauti barua ya Kezia iliyokuwa ndani, mbele ya wapishi na walinzi:

"Wazazi wa Nyakabimba tunaleta maharage, asali na kuku kwa chakula cha wanafunzi. Ng'ombe waliotajwa kwenye fomu hawapo, ni majivuno ya baba zao. Nimewafuta mwenyewe. Sasa kweli hatuna kitu, kwa sababu tumetoa chote, hivyo tunastahili msaada. Fomu hizi hazikuwa na njia nyingine ya kufika kwa wakati. Kama tungemshtaki mletaji, zingekaa polisi kama ushahidi, na watoto wetu wangekaa nyumbani. Gunia moja apewe dereva, hana kosa. Mletaji mwenyewe, Ndugu Gharibu, amejitolea kuchimba vyoo sita vya chuo."

Wapishi wakapiga makofi.

"Sikujitolea!" Gharibu akasema.

"Kuna ukurasa wa pili." Bi Mwamvua akamtazama juu ya miwani. "Majina kumi na nane, magunia ya kila mmoja, na saini yako. Huu ni wa polisi, niupeleke ukikataa. Unasemaje, mwanangu?"

Gharibu akavua koti la kaunda.

"Jembe liko wapi, shangazi?"

Ardhi ya pale ilikuwa mwamba mtupu. Mwezi ulipita, na vijana kumi na wanane wa Nyakabimba waliporipoti na magodoro ya msaada, Bwana Ufadhili alikuwa kwenye shimo la nne. Wiki ya pili ya masomo akajikata mguu kwa sururu. Bi Mwamvua akafurahi sana. Somo la siku ile lilikuwa sindano ya pepopunda, na darasa halikuwa na mgonjwa.

Wakamlaza kifudifudi juu ya meza, suruali magotini. Immakulata akachaguliwa kuanza. Akaishika sindano juu, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada," Gharibu akanong'ona, "umeshawahi kumchoma mtu?"

"Bado," Immakulata akasema. "Lakini mwalimu amesema nikikosea, nirudie."