Chai ya Mwalimu na Ufunguo wa Kabati

Jumatano, 6 Julai 1949

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imefika katikati.

Mwalimu Rwezaura ametangaza kwamba Jumatatu atachagua mtunza ufunguo wa kabati la vitabu. Mtunza ufunguo huruhusiwa kuazima kitabu likizo nzima. Likizo nzima! Mimi nyumbani nina Katekisimu na kijitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Nimekisoma mara tatu. Hatuna ng'ombe.

Mwenzangu wa darasani, Aristides, alinyoosha mkono papo hapo. Mimi nilikuwa bado nafikiri namna ya kuunyoosha wangu kwa adabu, kipindi kikaisha.

Lakini nimepata njia. Mwalimu ana kikohozi, sauti inakwaruza kama jiwe la kusagia. Alitusimulia darasani kwamba zamani kule Bukoba alikunywa chai ya Kihindi, ya rangi, yenye viungo, na tangu siku ile chai nyingine zote kwake ni maji ya moto tu. Basi atainywa tena, na atapewa na mkono wangu.

Alhamisi, 7 Julai

Nilikwenda Nyaishozi dukani kwa Mama Shirin, mke wa Mhindi mwenye duka, ili anifundishe. Nilipofika mlangoni maneno yakapotea. Akauliza nataka nini. Nikasema chumvi. Nikatoka, nikarudi. Akauliza kama chumvi imekwisha tayari. Nikasema kiberiti. Mara ya tatu alicheka, akasema nimwambie ukweli kabla sijalihamisha duka lote kidogo kidogo. Nikamweleza huku nikitazama miguu yangu.

Akaniingiza jikoni. Iliki ya kuponda, mdalasini, karafuu, tangawizi. Vichemke kwanza peke yake, majani ya chai baadaye. Nilimpasulia kuni hadi jioni kulipia viungo. Mgongo umekufa. Sukari haipo, lori halijaja.

Ijumaa, 8 Julai

Bibi ana kibuyu cha asali. Nilimwomba. Akasema, waitu, mjukuu wangu, mgeni hupewa buni za kahawa akatafuna, hachemshiwi majani kama mbuzi mgonjwa! Tena asali si yake, ni ya nyuki. Kama naitaka, mzinga uko nyuma ya migomba, nikawaombe wenyewe.

Niliwaomba.

Jicho la kushoto halifunguki. La kulia ndilo linaloandika haya. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanijazia kikombe asali kutoka kwenye kibuyu chake. Angenipa tangu mwanzo!

Jumamosi, 9 Julai

Nilipeleka chai kwa Mwalimu. Hayupo. Amekwenda Ihembe kumchukua Mzee Rugemalira, baba wa mchumba wake Xaveria. Mzee na binti watasali nasi kesho, ili Mzee amtazame vizuri mkwe mtarajiwa.

Nilimkuta Aristides anafagia uwanja wa Mwalimu. Anafagia! Akaniuliza kama jicho langu limeona sura yangu likaamua kujificha. Jibu lilikuja nilipofika nyumbani, nikamwambia mbuzi.

Chai nimeinywa mwenyewe. Nzuri mno. Kesho nitawahi, kabla ya misa.

Jumapili, 10 Julai

Ee Mungu wangu.

Nilimkuta Mwalimu amejifunga blanketi, hana sauti, na kwaya inamngoja. Nilimnyooshea kikombe. Harufu ilisema kwa niaba yangu. Alikunywa chote, macho amefumba, akaniambia Mungu anibariki, Mutalemwa, mwanangu. Nilikuwa karibu kabisa kutaja ufunguo.

Kengele ikalia. Mwalimu akafumbua macho. Akatazama kikombe. Akanitazama mimi.

Anayekwenda kukomunika, yaani kupokea Mwili wa Kristo, hali wala hanywi kitu tangu usiku wa manane, hata maji. Kila Mkatoliki anajua. Mimi nilikuwa wa kwanza katika mtihani wa Katekisimu.

Mwalimu huwa wa kwanza kukomunika kila misa. Leo alibaki kwenye benchi, kama mtu mwenye dhambi kubwa. Kanisa zima likageuka. Mama mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba dhambi ile, kwa vyovyote, inavaa kanga. Mzee Rugemalira alikaza macho. Xaveria alifunika uso.

Sauti ya Mwalimu katika kwaya ilikuwa safi kabisa. Hakuna aliyeitaja.

Jumatatu, 11 Julai

Mzee amesema binti yake haolewi na mtu mwenye siri. Mwalimu akajitetea kwamba ni chai tu. Mzee akajibu kwamba amesikia watu wakisingizia pombe, amesikia wakisingizia shetani, lakini chai, bado.

Nikaitwa nitoe ushahidi. Sauti ilinitoka kama ya kifaranga. Mzee akasema shahidi huyu ana jicho moja na nusu ya sauti, hatoshi. Chai yenyewe ije ishuhudie.

Nikachemsha mbele yao. Kwa haraka, tangawizi yote ikaingia. Mzee akanywa. Akaomba kikombe cha pili. Alikohoa, akafuta machozi, akaomba cha tatu, kisha akamwambia Mwalimu kwamba sasa amemwelewa, na mbona hakusema mapema kuwa ilitiwa asali? Harusi ipo palepale.

Xaveria alinishukuru. Mwalimu, hapana. Ufunguo amempa Aristides. Amesema sifa kubwa ya Aristides ni kwamba hajawahi kupata wazo hata moja.

Nimechoka hadi kwenye kope.

Jumanne, 12 Julai

Nimetafakari sana, nimeliona kosa langu. Nilimpa chai mtu asiye na mamlaka. Kabati si la Mwalimu, ni la misheni, na mkubwa wa shule ni Padri.

Jumapili Padri anakuja tena kusomesha misa. Hutoka misheni kwa baiskeli alfajiri, anapanda vilima vyote hivi, hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Maskini! Miaka yote hii, na hakuna hata Mkristo mmoja aliyewahi kumpokea mlangoni kwa kikombe cha chai ya moto!

Nitakuwa wa kwanza.