Aspirini Mbili za Kumshinda Shiferaw

Jumatatu, 4 Tikimt
Daktari Selamawit kanisifu. Moyo unadunda vizuri! Niendelee na aspirini yangu ndogo kila siku, pamoja na kile kidonge cha kulinda tumbo. Tumbo langu linahitaji mlinzi? Limekula pilipili ya berbere tangu utotoni. Jirani yangu Bwana Shiferaw naye ni mgonjwa wa moyo, anameza vyote viwili, na kila Jumapili ananitangulia kufika kanisani kilimani. Ananingoja langoni akijipepea kwa kofia. Mpango: kidonge cha tumbo nakiacha, aspirini nameza mbili. Damu nyepesi, miguu myepesi. Ajabu madaktari hawajaliona hili.

Jumatano, 6 Tikimt
Siku ya mfungo. Nimemeza mbili zangu tumbo likiwa tupu. Moto chini ya kifua! Mke wangu Wubalem kauliza mbona nimejikunja. Nikasema berbere yake imezidi ukali. Kosa kubwa. Alifundishwa kuitengeneza na marehemu mama yake. Jioni nimepewa injera kavu, bila hata mchuzi wa shiro.

Ijumaa, 8 Tikimt
Choo cheusi kama lami. Nimefikiri sana. Ni kahawa. Wubalem sijamwambia, ana maswali mengi. Kizunguzungu nilipoinama kufunga viatu. Safi! Damu imeanza kuwa nyepesi.

Jumapili, 10 Tikimt
Niko hospitali. Lakini nilimpita! Kona ya mwisho, mbele ya mashahidi, nilimpita Shiferaw. Kisha kilima kikapinduka. Kufumbua macho, niko mgongoni kwake, yeye na moyo wake mbovu, anateremka akihema na kunifokea: "Ukinifia hapa, Mekuria, nitakuua!"

Jumatatu, 11 Tikimt
Wameniingiza kamera kooni. Kidonda tumboni kinavuja damu, na michubuko hadi mwanzo wa utumbo. Daktari Selamawit hakufoka, nami nikaogopa zaidi. Kaeleza kwamba aspirini inayozuia damu isigande kwenye mishipa ya moyo ndiyo hiyo hiyo inayochubua tumbo. Hata ile ndogo inaweza, sembuse mbili, bila kinga, na njaa juu yake. Kile choo cheusi kilikuwa damu.

Nimeongezewa damu. Aliyejitolea ni Mahlet, binti wa Shiferaw. Nilipoambiwa nililia kama mtoto. Wubalem alikuwa kanishika mguu kana kwamba nitatoroka. Asante Mungu. Asante kwa mgongo wa Shiferaw. Asante kwa huyu mwanamke ambaye hata la berbere hajalitaja.

Alhamisi, 14 Tikimt
Nyumbani! Aspirini ni moja tu, kama daktari alivyopanga, na cha tumbo kila siku. Nisiguse dawa za maumivu bila kumuuliza, maana zikikutana na aspirini tumbo huumia zaidi. Nimeapa mbele ya Wubalem. Natii kila neno.

Shiferaw kaja kunitazama, kajipinda upande. Mgongo unamuuma tangu anibebe. Nikaanza kumshukuru, akasema, "Nyamaza, kunywa supu." Mtu wa dhahabu! Siwezi kumwacha aumwe kwa ajili yangu. Wubalem ana vidonge vikali vya maumivu ya goti kabatini. Nitavisaga, nivikoroge kwenye asali, nimpelekee kesho kama zawadi. Vidonge simwambii. Shiferaw ana tabia mbaya ya kumuuliza daktari kwanza.