Chipu ya Buluu ya Titanic

Alhamisi, 10 Novemba 1966. Malaba.
Osukuku, wakala wa forodha na mshindani wangu pekee katika kukusanya chipu za kamari zenye picha ya Titanic, amenitangulia kupata habari: ya buluu iko Chakol, kwa Mama Alaso, muuza ajono, ile pombe ya wimbi. Rangi nyingine saba ninazo, nilizopewa na madereva wa malori watokao Kampala. Akasema mwanamke aliyesoma Makerere kama mimi hawezi kuketi penye chungu cha pombe. Huenda ni kweli.

Baba alikuwa mpishi wa stima ya ziwani. Titanic hakuiona kamwe, lakini alitusimulia vyakula vyake kana kwamba supu ile aliipika yeye. Akifika kwenye barafu aliiacha hadithi hapo, akatuongezea uji. Nikizipanga chipu mezani namsikia. Au najitafutia sababu ya kuweka takataka. Sina hakika.

Ijumaa, 11 Novemba.
Chakol, kwa baiskeli. Alaso amekataa kuuza. Kwake chipu ni kama risiti: aliyelipa hupewa moja, na akitaka chungu kiongezwe maji moto huirudisha ndani ya kopo lake.

“Mwalimu, hii haiuzwi. Kuja kesho ukunywe na hawa wazee. Chungu ikiisha ukiwa bado umekaa, ya buluu ni yako.”

Osukuku alijaribu jana jioni, Alaso akaongeza. Walimrudisha Malaba kwa mkokoteni. Nimefarijika kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 12 Novemba.
Nilivaa gauni la kanisani. Kosa. Wazee wakanipa mrija mrefu kuliko mimi. Nilinywa kwa adabu. Walipouliza chipu ni za nini, nikazitoa zangu zote saba, nikazipanga mkekani mbele yao, nikawasimulia Baba, stima, supu. Kwenye barafu niliinamisha kichwa.

Nilipokiinua, kila mzee alikuwa na chipu mkononi. Nilidhani wanatazama meli. Kumbe hapo anayeweka chipu mbele ya wenzake amewanunulia wote. Zikaingia ndani ya kopo la Alaso, maji yakamiminwa.

“Mungu akubariki, Mwalimu,” Mzee Oluka akasema. “Baba yako alizaa mtu.”

Baada ya maneno hayo ningezidai vipi?

Chungu kikaisha. Nikapewa ya buluu.

Jumapili, 13 Novemba.
Kanisani sikwenda, kichwa. Osukuku amepita dirishani kuuliza kama ni kweli nimezamisha meli nzima. Nikafunga dirisha.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Nilionyesha chipu nyingi mno kwa mpigo. Jumamosi ijayo nitakwenda na ya buluu peke yake. Wazee wakisikia tena habari za supu, nadhani watamsihi Alaso anibadilishie kwa zile saba. Nitaiweka katikati ya mkeka, mbele yao wote, ili kila mmoja aione vizuri.